Alichokisema Naliaka Ukumbini

Mwaka wa 1973 Naliaka alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu, Nairobi, akisomea mambo ya serikali na uhusiano wa mataifa. Kwao, upande wa Sirisia, hakuna aliyejua hasa somo hilo ni la kazi gani. Baba yake alichoka kueleza, akawaambia majirani kwamba binti anasomea ubalozi, na tangu hapo kila akienda likizo watoto walimpokea njiani wakimwita Balozi. Yeye alicheka, lakini jina lile alilipenda. Alipenda kila kitu cha somo lile: ramani kubwa ukutani, mikataba iliyoitwa kwa majina ya miji, mijadala ya darasani ambapo vijana waliofika mjini juzi tu walizungumza juu ya Geneva na Addis Ababa kana kwamba wangeshukia huko kwa chakula cha mchana.

Jumapili alikwenda Kangemi kwa senge yake, Philister, dada wa baba. Senge aliuza mboga sokoni na alikuwa na chumba kimoja cha mabati katika ploti ya mzee mmoja wa Kikuyu. Baada ya ibada ya kanisa la Marafiki walikula pamoja ugali na kuku, na mara nyingi jirani wa chumba cha pili alikaribishwa. Huyo aliitwa Isaiah. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, kutoka upande wa Mbale, na lugha yake ilikaribiana sana na ya kwao Naliaka hata Senge alimchukua kama mtoto wa nyumbani. Huko Uganda alikuwa karani wa ushirika wa kahawa. Wanajeshi walipomchukua mwenyekiti wa ushirika na mwili wake usionekane, Isaiah alikimbia. Sasa alipaka rangi nyumba za watu wakubwa Kileleshwa.

Siku moja Naliaka alimwomba amsimulie alivyovuka. Alikuwa akiandika insha ndefu juu ya wakimbizi, na vitabu vilimpa sheria tu. Hakuna kitabu kilichomwonyesha mtu.

Isaiah alisitasita. "Ni ya shule tu, dada?"

"Ya shule tu, ndugu Isaiah. Sitataja jina la mtu."

Basi akamweleza. Kaka yake, Lazarus, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni karibu na mto wa mpakani. Watu waliotafutwa aliwaficha katika stoo ya shule, nyuma ya magunia ya mahindi. Jumatano, siku ya soko, ikifika, aliwatwika mikungu ya ndizi kichwani, akatembea nao mchana kweupe katikati ya wachuuzi, hadi upande wa Kenya. Isaiah alivuka hivyo hivyo, na askari aliyekuwa darajani alimwuliza bei ya ndizi.

Walicheka wote watatu, na Senge akasema, "Hiyo kaka yako ni mtu."

Insha ikawa ya kwanza darasani. Dakta Jamleck, mwalimu wa somo la sheria za mataifa, alimwita ofisini akampigia meza kwa furaha. Alikuwa mtu wa Kiambu, mwenye haraka, koti lake likiwa na vumbi la chaki mabegani kila wakati.

"Hapa kuna mtu anayepumua, Bi. Naliaka," alisema. "Wenzako wameniandikia vifungu vya mkataba. Wewe umeniandikia mwalimu na ndizi zake. Nataka uisome Ijumaa ukumbini. Wageni kutoka ofisi za ubalozi watakuwepo." Akaongeza kwa sauti ya chini, ingawa walikuwa wawili tu, "Kuna nafasi moja ya kwenda kusoma Geneva mwakani. Wenye nafasi hupenda kumwona mtu kwa macho yao."

Ijumaa hiyo alasiri ukumbi ulijaa. Naliaka alisoma kwa Kiingereza chake safi, bila kutetemeka. Hakutaja jina la Lazarus wala la shule. Alisema tu mwalimu mkuu mmoja, shule ya misheni, siku ya soko. Alipomaliza walipiga makofi, na maswali yakaanza.

Mtu mmoja wa makamo, mwenye suti ya kijivu, alisimama safu za katikati. Aliuliza kwanza juu ya mkataba wa wakimbizi wa Addis Ababa, ni nchi ngapi zilizouthibitisha. Swali zuri, la mtu msomi. Kisha akasema kwa upole, "Na huyo mwalimu wa ndizi. Ni mtu wa kweli, au binti yetu amemtunga ili atuchangamshe?"

Watu wakacheka kidogo. Naliaka alihisi uso unawaka. Kazi yote ile, na mtu anadhani ameitunga!

"Ni wa kweli," alijibu. "Na hata sasa anaendelea."

"Wala hashikwi?"

"Nani atamshuku mtu aliyejitwika mkungu wa ndizi siku ya Jumatano, na wengine mia wamejitwika vilevile?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na makofi yakawa makubwa kuliko ya mwanzo. Yule bwana alitabasamu, akainamisha kichwa, akaketi. Hakuwa ameandika chochote.

Wakati wa chai Naliaka alimtafuta kwa macho asimwone. Alimwuliza Dakta Jamleck yule ni wa ubalozi gani.

"Yupi?" alisema Dakta, mdomo umejaa biskuti. "Nilidhani ni mgeni wako." Akageuka kuzungumza na Mswidi mmoja.

Naliaka alitazama tena mlangoni. Akanywa chai yake. Watu walikuja kumshika mkono, na baada ya muda akamsahau yule bwana, au akajifanya amemsahau.

Jumapili alipofika Kangemi alimkuta Isaiah nje ya chumba chake akipigilia misumari kitanda kikuukuu alichokinunua. Alikuwa akiimba. Naliaka hakuwahi kumsikia akiimba nje ya kanisa.

"Dada, njoo uone!" alimwita. "Nanyama anakuja. Na mtoto. Kaka ametuma habari kwa wachuuzi: Jumatano ya mwisho wa mwezi huu atawavusha."

Nanyama alikuwa mkewe. Mtoto alizaliwa baada ya Isaiah kukimbia. Alikuwa hajamwona hata siku moja.

"Mungu ni mwema," alisema Naliaka.

Hayo ndiyo maneno aliyoyapata. Waliingia kula. Senge alimwekea paja la kuku na kumsifu mbele ya Isaiah kwamba alisoma mbele ya wazungu wote wa Nairobi, na Isaiah akasema, "Hongera sana, dada," kwa moyo mweupe. Hakuuliza alisoma nini. Naliaka alimega ugali, akaukunja mkononi, akauweka tena sahanini. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya kwanza Isaiah alikuwa akimwuliza Senge bei ya blanketi la mtoto. Mara ya pili hakuna aliyekuwa akisema chochote, nafasi ilikuwa pale wazi, naye akaomba chumvi.

Wiki iliyofuata alijitetea mwenyewe kwa mwenyewe, kila mahali. Maktabani, kwenye foleni ya chakula, akitembea bustanini karibu na chuo. Yule bwana huenda alikuwa mwandishi wa gazeti. Huenda alikuwa mwalimu wa shule fulani aliyependa mihadhara ya bure. Kuna shule ngapi za misheni karibu na mto ule? Akizihesabu moja moja moyoni, alifika kwenye jibu ambalo hakulipenda: chache mno. Na zenye soko la Jumatano jirani, moja.

Jumatano asubuhi alikwenda kwa Dakta Jamleck, akamweleza yote. Dakta alivua miwani akaisugua.

"Sikiliza. Ulisoma kazi ya kitaaluma. Majina hukutaja. Kama kila mtafiti angeogopa nani ameketi safu gani, tungefunga vyuo vyote tukalime. Wewe ni mwanafunzi, si jasusi."

"Lakini kama yule alikuwa jasusi, Daktari?"

"Basi lawama ni yake na ya waliomtuma." Aliangalia saa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkutano. "Kalale. Umechoka."

Maneno hayo yalimtuliza hadi jioni. Siku iliyofuata aliketi darasani, na Dakta huyohuyo akafundisha wajibu wa taifa kutomrudisha mkimbizi mahali penye hatari. Kijana mmoja aliinua mkono akauliza: kama taifa limekaa kimya likijua, na mtu akapatwa, taifa limekosa? Dakta akajibu bila kufikiri, "Limekosa. Kukaa kimya ukijua ni tendo."

Naliaka alikusanya vitu vyake akatoka katikati ya somo. Alipanda basi hadi Westlands, akateremka kwenye mzunguko, akakata kwa miguu hadi Kileleshwa, akiuliza kwa mabawabu nyumba inayopakwa rangi. Alimpata Isaiah juu ya ngazi, akipaka fremu ya dirisha rangi nyeupe, kofia ya gazeti kichwani.

"Ndugu Isaiah, shuka kidogo."

"Senge ana nini?" aliuliza kwa hofu, akashuka upesi.

"Senge mzima. Ni mimi."

Alimweleza wakiwa wamesimama kwenye majani, mbwa wa nyumba akiwabwekea. Hakujaribu kuyapamba. Isaiah alimsikiliza brashi mkononi, rangi ikidondoka kwenye kiatu chake.

"Ulisema Jumatano?" aliuliza mwishowe.

"Nilisema."

"Kwa kinywa chako."

"Kwa kinywa changu. Watu walicheka, nikafurahi."

"Lini hiyo?"

"Ijumaa iliyopita."

Isaiah aliangalia kando, kama mtu anayetafuta alikoweka kitu. "Na Jumapili tulikula pamoja," alisema.

Naliaka alitaka apigwe, atukanwe, chochote. Isaiah alifunika mkebe wa rangi, akaosha brashi kwa mafuta ya taa, unywele kwa unywele, akaifuta kwa kitambaa. Akamwambia bawabu amwambie mwenye nyumba kwamba ameitwa nyumbani. Kisha akaondoka kuelekea barabara kubwa bila kuangalia nyuma, na jioni hiyo akapanda basi la Bungoma.

Siku zilizofuata Naliaka hakujua lolote. Alikwenda darasani kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Alimtembelea Senge sokoni, akamsaidia kufunga sukuma wiki mafungu, akawa anashtuka kila mtu wa Bungoma alipopita. Senge alidhani ni mambo ya mvulana.

"Kama kuna mwanaume anakusumbua, sema. Mimi nitaenda kwa yeye na hii mwiko."

"Hakuna mwanaume, Senge."

"Basi kula. Umekuwa kama fito."

Isaiah alirudi katikati ya wiki ya pili. Naliaka alipata habari Jumapili, alipofika na kuukuta mlango wa jirani wazi na nepi zimeanikwa kwenye kamba. Senge alimvutia pembeni kabla hajapiga hodi.

"Bibi yake amefika, na mtoto. Ametolewa kwa mlima, kupitia msituni, na akina mama wa kukata mianzi. Miguu yake imeharibika kabisa." Akashusha sauti. "Lakini ile kaka, mwalimu, walishika. Walingoja hapo darajani siku ya soko. Wanaangusha kila mkungu chini, wanaangalia sura. Yeye alikuwa na wamama wawili. Wote walipelekwa na gari."

"Siku ya soko ipi, Senge?"

"Hiyo Jumatano tu, kabla Isaiah hajaenda."

Naliaka alihesabu siku. Ni Jumatano ile aliyokuwa ofisini kwa Dakta, akiambiwa akalale. Kama angesema Jumapili, mezani, badala ya kuomba chumvi, Isaiah angepanda basi Jumapili jioni, na Jumanne neno lingekuwa limevuka. Ulimi wake uliponzwa na majivuno dakika moja, na hilo angeweza pengine kulibeba. Kilichofuata kilikuwa kimya cha siku nzima nzima, alichokichagua kila asubuhi alipoamka.

Walikula chumbani kwa Senge, wote watano pamoja na mtoto. Nanyama alikuwa mwanamke mwembamba, miguu yake imefungwa vitambaa. Isaiah alimsalimu Naliaka kwa kichwa tu. Lakini Nanyama alimshika mikono yote miwili, akamwekea mtoto mapajani. Alikuwa msichana wa miezi michache, mzito, anayenuka maziwa.

"Isaiah ameniambia ni wewe uliyeleta onyo," alisema kwa lugha yao. "Kama si wewe ningepita darajani kama yeye, nami ningechukuliwa. Mimi na huyu. Sina cha kukupa, dada yangu. Mungu atakulipa."

Naliaka alimtazama Isaiah. Isaiah alikuwa akiangalia sahani yake. Alikuwa amemwambia mkewe nusu moja, ile iliyo nzuri, na nusu nyingine ameinyamazia. Kwa huruma au kwa kuchoka, Naliaka hakujua. Angeweza kuipokea shukrani ile. Senge alikuwa tayari anatikisa kichwa kwa fahari. Mtoto alimshika kidole.

"Ni mimi niliyewaambia," alisema.

"Ndiyo, ametueleza..."

"Hapana. Ni mimi niliyewaambia wale waliomshika. Sikujua nasema na nani, lakini nilisema. Soko, ndizi, siku. Nilisema mbele za watu ili nisifiwe. Halafu nilijua, nikakaa kimya siku kadhaa kabla ya kumwambia Isaiah. Katika siku hizo ndipo walipomchukua shemeji yako."

Kijiko cha Senge kililia sahanini. Nanyama alimtazama Naliaka kwa muda, kama mtu asiyesikia vizuri, kisha akamgeukia mumewe, na uso wa Isaiah ukamthibitishia. Hakupiga kelele. Aliinuka kwa miguu yake ile mibovu, akainama, akamtoa mtoto mapajani mwa Naliaka, akaenda naye chumbani kwake. Isaiah akamfuata.

Senge alikaa akitazama mlango. Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti.

"Enda shule, mama," alisema. "Leo enda tu."

Kabla ya muhula kwisha Dakta Jamleck alimwita tena. Insha ilikuwa ichapishwe katika jarida la idara, na wale wa Geneva walikuwa wameomba nakala. Naliaka alisema anaiondoa.

"Unaondoa? Unajua wanachoangalia kule ni nini? Ni machapisho!"

"Najua, Daktari."

"Kwa sababu ya yule mwalimu? Huna ushahidi kwamba ni wewe. Huenda mchuuzi alilewa akaropoka. Huenda wamekuwa wakimfuatilia mwaka mzima."

"Huenda," alisema Naliaka. "Na sitajua kamwe. Lakini siwezi kuichapisha."

Dakta alimtazama kwa hasira, kisha hasira ikaisha, akawa kama mtu aliyekumbuka kitu kisichomfurahisha. Akafungua droo akamrudishia karatasi zake. Nafasi ya Geneva ilikwenda kwa Waweru, mwenzake wa darasani, aliyeandika juu ya biashara ya chai.

Kangemi hakwenda kwa muda mrefu. Senge alikuja kumwona chuoni mara moja, na gunia la viazi, akaketi kitandani. Alimwambia tu kwamba habari za Lazarus hakuna. Mkewe amekwenda kambi moja ya jeshi hadi nyingine akiuliza, na kila mahali anaambiwa hajulikani.

Ilikuwa Desemba, wanafunzi wengi wameshafunga, mlinzi wa bweni alipomwambia Naliaka kwamba ana mgeni. Langoni alisimama Nanyama, mtoto mgongoni, viatu vya plastiki miguuni.

"Isaiah hajui nimekuja," alisema, bila salamu. "Wanataka niende ofisi ya wakimbizi, huko katikati ya mji. Mkubwa wake ni Mzungu. Kiswahili changu ni kibovu na Kiingereza sina. Isaiah asipokwenda kazini leo, kazi yake watampa mwingine."

"Nitakwenda nawe."

"Sijaja kwa sababu nimesahau."

"Najua."

Walitembea hadi mjini, Nanyama akitangulia hatua moja ingawa hakujua njia, kila kona akisimama mpaka Naliaka aonyeshe kwa mkono. Ofisini walingoja kwenye benchi asubuhi nzima pamoja na watu wa nchi tatu nne. Zamu yao ilipofika, Mzungu aliuliza majina, kijiji, sababu ya kukimbia. Naliaka alitafsiri neno kwa neno, hakuongeza, hakupunguza. Ndipo Mzungu akauliza kama kuna jamaa aliyekamatwa, na alikamatwa kwa njia gani.

Naliaka alitafsiri swali. Nanyama akaanza kusimulia juu ya Lazarus, kwa kirefu: jinsi alivyofundisha watoto kuimba, jinsi alivyokataa kuondoka wengine walipomsihi, watu waliopita mikononi mwake. Alipofika kwenye daraja alisita.

"Mwambie walijua siku," alisema. "Mwambie kuna mtu aliwaambia."

Naliaka akayasema kwa Kiingereza. Mzungu aliuliza kama anajua ni nani.

Naliaka alilitafsiri swali hilo pia. Ofisi ilikuwa na joto, na nje magari yalikuwa yakipiga honi. Nanyama alimpanga mtoto vizuri mgongoni, akamtazama Naliaka usoni kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili.

"Hilo si la karatasi zake," alisema. "Mwambie tunachotaka ni mtu wetu atafutwe."

Mzungu akaahidi kwamba wataandika, wataulizia. Aliahidi hivyo kwa kila mtu.

Walipotoka, Naliaka alisema atamsindikiza hadi Kangemi.

"Nionyeshe basi tu," alisema Nanyama. "Nitafika."

Alimwonyesha. Nanyama alipanda, akapata kiti upande wa dirisha, akamshusha mtoto mgongoni amnyonyeshe. Basi lilipoondoka hakupunga mkono, wala hakugeuza uso. Naliaka alisimama kituoni kati ya watu waliokuwa wakikimbilia manunuzi ya Krismasi, midomo yake ikijaribu kusema samahani, neno ambalo hakuwa amemwambia Nanyama hata siku moja, na ambalo sasa, kila alipolipima, lilionekana dogo mno.